Mwaka wa Mimba ya Kemilembe

Leokadia tulimzika Jumatano, kule Songambele, kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba ya mwanawe. Mjukuu wangu alinipeleka kwa gari, tukafika mawingu yakiwa bado yamelala mabondeni. Nikakalishwa kwenye mkeka pamoja na wanawake wa ukoo wa marehemu. Binti mmoja aliyekuwa akigawa uji alipiga goti mbele yangu, akanipa shikamoo, kisha akaniuliza kwa adabu, "Bibi, wewe na marehemu mlikuwa ndugu wa upande gani?" Hatukuwa wa ukoo mmoja. Yeye alikuwa Mkatoliki, mimi Mlutheri. Kwao walikuwa watu wa ng'ombe, sisi watu wa duka. Kukaa jirani hatukukaa hata mwaka mzima, na baada ya hapo tulionana mara moja moja, kwenye misiba na harusi, kama wanavyoonana watu walioachana na ujana wao. Nikamwambia, "Alinizalisha mtoto wangu wa kwanza." Binti akaitikia kwa kichwa, akasogea na sufuria yake kwa mtu wa pili. Jibu lilimtosha yeye. Mimi halikunitosha, na tangu nirudi nyumbani limekuwa likinisumbua kama punje ya chumvi kwenye kidonda. Nimeamua kuliandika jibu lenyewe, maana nimepita miaka themanini na wote waliokuwemo wamekwisha kwenda.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Nyabiyonza, huko Karagwe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ndoa yangu haijatimiza nusu mwaka. Filemoni, mume wangu, mtu wa Bukoba, alikuwa na duka lililoezekwa mabati barabarani. Alinunua kahawa kavu kwa wakulima, na yeye akawauzia chumvi, sabuni, mafuta ya taa na khanga. Nyumba ile naweza kuichora hata sasa nikiwa nimefumba macho. Mbele lilikuwepo duka lenye kaunta ya mbao na dirisha la kufungua kwa kuinua. Nyuma yake palikuwa na stoo ya magunia ya kahawa, yaliyopangwa mpaka karibu na paa. Kutoka stoo uliingia chumbani kwetu, na kati ya chumba chetu na sebule palikuwa na ukuta wa matete tu, uliokandikwa udongo mpaka nusu, kwa hiyo kila neno lililosemwa sebuleni lilivuka na kuja kulala nami kitandani. Jiko lilikuwa nje, kwenye ukingo wa kibanja, shamba letu la migomba. Mchana jua likiwaka, bati lililia taratibu kama mtu anayevunja vijiti, na harufu ya maganda ya kahawa ilijaa kila mahali, mpaka kwenye nywele zangu, mpaka kwenye shuka. Siku hizi mtu akipita karibu nami na gunia la kahawa kavu, moyo wangu hujaa utamu wa ajabu. Mwaka ule sikuiona tamu. Lakini ndivyo uzee ulivyo. Unavipenda hata vitu vilivyokutesa, kwa sababu ulivitazama ukiwa na macho ya ujana.

Mimba ilipoingia, Filemoni alifurahi mpaka akawa anaimba nyimbo za kanisani huku akipima kahawa, na wakulima wakawa wanamtania kwamba mizani yake siku hizi inaimba. Miezi mitatu ya kwanza nilitapika kama wanawake wengine, na watu walinicheka kwa mapenzi. Mwezi wa nne kichefuchefu kikaondoka. Kilichobaki sikuwa na jina lake. Niliamka asubuhi moja nikasikia jogoo, nikasikia Filemoni akiinua dirisha la duka, nikajua siku imeanza, lakini niliona kana kwamba imeanza kwa watu wengine. Sikuwa na homa. Hakuna aliyenitukana. Nililala nikitazama magunia kupitia mlango wa stoo mpaka jua likasogea kutoka gunia la kwanza mpaka la mwisho. Filemoni aliponiletea ndizi na maharage, nilitafuna kama mtu anayetafuna pamba iliyolowa. Siku nyingine machozi yalitoka yenyewe, bila kilio, kama bomba lisilofungwa vizuri, na mtu akiniuliza ninalia nini, nilikuwa sina la kumwambia.

Lililoniharibia zaidi lilikuwa salamu. Kule Karagwe salamu ni kazi. Mtu anakuuliza ulivyolala, walivyolala wa nyumbani, anakuuliza habari za ulikotoka, nawe unajibu kila kimoja kwa upole, kisha unaanza kumuuliza yeye. Mimi Kinyambo, lugha ya huko, nilikielewa, kwa sababu hakiko mbali na Kihaya chetu, lakini ulimi wangu ulikuwa bado mgeni, na katika hali ile hata neno moja lilikuwa zito kama ndoo ya maji. Wanawake walipokuja nyuma kunisalimu nilitikisa kichwa tu. Baada ya wiki chache hawakuja tena. Nilikuwa nawasikia dukani. "Mke wa mwenye duka anaringa huyo." "Haringi, mimba imemkataa mume. Mimi ya pili ilinifanyia hivyo, nilikuwa sitaki hata kusikia harufu ya shati lake." "Au amelishwa kitu?" "Nani amlishe? Hao watu wa ziwani wamezoea samaki, ndizi zetu hazimpandi." Wakacheka. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wakitafuta sababu, kama mimi nilivyokuwa nikiitafuta, na wao angalau walikuwa wengi. Mimi niliitafuta peke yangu, na kila nilipoikosa nilijiona mwovu: nina mume mpole, nina bati juu ya kichwa, nina chumvi na sukari ndani ya nyumba, nina mtoto tumboni anayecheza. Ni nini basi?

Filemoni alimwandikia mama yake. Mama mkwe akashuka kutoka kwenye lori siku ya soko, mwanamke mrefu, kitambaa cheupe kichwani, kapu la samaki wakavu mkononi. Siku hiyo hiyo akakagua nyumba, akakagua jiko, akaja kusimama mlangoni kwangu.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi, Mama."

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Hakuna mtu asiyetaka kitu," akasema. "Mimba si ugonjwa, mwanangu. Mimi nimezaa saba. Amka."

Kuanzia hapo aliniamsha kila alfajiri. Alinipa fagio. Alinikalisha jikoni nimenye ndizi, na nikichelewa aligonga sufuria kwa mwiko. Jioni alisoma Biblia kwa sauti, akaniombea kwa maneno marefu yaliyonitaja kama mtu aliyepotea porini. Nilimchukia, na nilikuwa sina hata nguvu ya kumchukia sawasawa. Leo nikimkumbuka, namkumbuka akichambua miiba ya samaki kwa vidole vyake vyembamba, mmoja mmoja, na kuweka nyama upande wangu wa sahani bila kusema. Nilimwona akifanya hivyo kila siku. Sikuona kinachofanyika.

Leokadia aliingia katika maisha yangu kupitia mlango wa nyuma. Mumewe alichunga ng'ombe wa watu kule rweya, kwenye ule uwanda wa majani wenye upepo unaoanzia pale migomba inapokoma. Walikuwa wameweka kambi yao mwendo wa saa moja kutoka dukani. Yeye alikuja na maziwa na samli kubadilishana na chumvi. Alikuwa amenipita miaka sita au saba, mwembamba, mwenye mwanya, na ngozi yake ilinukia samli na moshi wa majani wanayofukizia vyombo. Siku ya kwanza alimkuta mama mkwe amekwenda kisimani. Akachungulia, akaniona nimelala nimegeukia ukuta. Hakuuliza ninaumwa wapi. Alikaa chini, kwenye majani makavu tuliyokuwa tumetandaza sakafuni, akaweka chombo chake cha mti mbele yangu.

"Kunywa," akasema.

"Sina hamu."

"Sikukuuliza hamu. Chombo hiki ni cha mama mkwe wangu. Nikirudi bila chombo nitafukuzwa, nikirudi nacho kikiwa kimejaa nitaonekana nimekataliwa. Kwa hiyo kunywa, niondoke na chombo changu."

Nikanywa ili aondoke. Keshokutwa yake alirudi, na chombo, na maneno yale yale. Nadhani ilikuwa mara ya nne ndipo nilipotambua kwamba mama mkwe wake hakuwa na habari yoyote ya chombo kile, nikamwambia, naye akacheka kwa ule mwanya wake, akasema, "Umechelewa kugundua. Kumbe una akili kidogo." Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa, akasuka kifuniko cha ukindu au akanyamaza. Alipenda sana kuangalia rafu ya khanga kupitia mlango wa stoo, akinisomea rangi kana kwamba mimi ndiye sijaziona: hii ya damu ya mzee, hii ya majani ya maharage, hii ya ndama mchanga. Kuwa na mtu chumbani asiyenitaka nipone kwanza ndipo akae nami, hilo lilikuwa jambo jipya kwangu. Mama mkwe hakulipenda. "Wewe ni mke wa mfanyabiashara," alinong'ona mara tu Leokadia alipotoka. "Huyo mwanamke ananuka samli. Watu watasema nini?" Lakini maziwa nilikuwa nayanywa, na hilo alikuwa analiona, kwa hiyo hakumfukuza.

Kiangazi kikaingia, majani ya karibu yakaisha, na wafugaji wakahamisha ng'ombe kwenda mbali. Leokadia alikaa wiki sita bila kuonekana. Nilikuwa katika mwezi wa nane. Wiki zile sitaki kuziandika zote. Niliacha kuoga mpaka mama mkwe akaniogesha. Mtoto alipocheza tumboni niliwaza kwamba amekosea nyumba. Mchana mmoja, baada ya chakula, nikasikia sauti ya mama mkwe ikivuka ukuta wa matete.

"Akishajifungua, mtoto nitamchukua mimi. Nitamlea Bukoba kwa maziwa ya kopo. Huyu arudi kwao apumzike."

Filemoni hakujibu.

"Unanisikia? Hawezi kujilea mwenyewe, atamleaje mtoto?"

Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani. Nilingoja aseme neno, lolote, na neno halikuja. Kilichonitisha si maneno ya mama mkwe. Nilitishika kwa sababu nilijipima moyoni nikaona sina kipingamizi. Wamchukue. Nilijiambia, mwanamke asiyeona uchungu kunyang'anywa mtoto, huyo yuko wapi, yu hai bado?

Jumapili iliyofuata wote wawili walikwenda kanisani. Nilisema sijisikii vizuri. Walipotokomea barabarani nilivaa gauni langu, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapita katikati ya migomba, bila kibuyu cha maji, bila kitu mkononi. Baadaye watu walisema nilikuwa natoroka kurudi kwetu Muleba, nami nikawaacha waamini hivyo miaka yote. Filemoni mwenyewe alikufa akiamini hivyo. Ukweli ni kwamba sikuwa ninakwenda mahali. Nilitaka nitembee mpaka miguu ikatae, kisha nilale kwenye majani, na nisisumbuliwe tena kuamka. Nimelisema. Halijaniua kulisema.

Migomba ikaisha, rweya ikafunguka. Sijui kama umewahi kutoka kwenye kivuli cha kibanja ukaingia kwenye uwanda ule ghafla. Ni kama kutolewa shuka usoni. Majani yalikuwa ya rangi ya mchanga, upepo unayalaza upande mmoja, na mbali kabisa milima ya buluu. Nilitembea mpaka jua likawa karibu na utosi, nikachoka, nikakaa kwenye kichuguu. Hapo ndipo Leokadia aliponiona. Walikuwa wamerudi siku mbili kabla, naye alikuwa akikata majani ya kufukizia vyombo. Alikuja na mundu wake na furushi kichwani. Alinitazama miguu, alinitazama uso, akatua furushi, akakaa kando yangu. Ndege fulani alikuwa akiita kutoka kwenye majani, anaacha, anaita tena.

"Mimi nilipofikia hapo," akasema hatimaye, "nilikuwa na mimba ya kwanza."

Nikamgeukia.

"Ulidhani wewe ndiye wa kwanza kuumbwa hivyo? Sikuwa na chakula cha kutosha, mume yuko na ng'ombe, mama mkwe kipofu. Asubuhi nilitamani nisiwe na macho. Lakini wewe ulilala kwa sababu ulikuwa na kitanda. Mimi nilisuka maziwa. Nilisuka nikilia, samli ikatoka, watu wakala, hakuna aliyejua. Mtoto alizaliwa mdogo kama kifaranga. Siku tano tu."

"Alikufa kwa sababu yako?" niliuliza. Ni swali baya, lakini nililiuliza kwa sababu lilikuwa langu.

"Nilidhani hivyo miaka mitatu," alisema. "Kisha nikazaa wengine wawili. Wa pili nilimbeba na huzuni ile ile, na yuko pale kambini, anakula kuliko baba yake. Basi nikajua si mimi niliyeua. Ni njaa, ni kazi, ni kukosa hata mtu mmoja wa kuniambia kaa. Kinyambo tunasema *obusaasi*, maumivu. Maumivu hayaulizi kama una bati au nyasi. Ila mwenye bati huletewa samaki, na mwenye nyasi husukasuka tu."

Nikamwuliza alipona lini, akasema hajui, siku moja aliona tu kwamba amekasirika kwa sababu mbwa amekula nyama, na kwamba hasira ile ilikuwa na ladha. Nilitaka kumwambia yote, kuhusu ukuta wa matete na kimya cha Filemoni, na nikafungua mdomo, lakini badala ya maneno nikahisi maji ya moto yakishuka miguuni. Leokadia akatazama chini, akasema, "Ee, mwana waitu. Huyu hajangoja." Hivyo ndivyo walivyoita ndugu: mwana waitu, mtoto wa kwetu. Sikuwahi kuitwa hivyo tangu niolewe.

Alinishika mkono mpaka kambini, tukisimama kila uchungu ulipokuja. Kibanda chao kilikuwa cha nyasi, cha mviringo, giza zuri ndani yake, majani mapya sakafuni, na vyombo vya maziwa vimepangwa kwenye kichanja vikiwa na vifuniko vyao vilivyochongoka. Mwanamke mmoja wa kambi alinishika mgongo, Leokadia akakaa mbele yangu. Mama mkwe wake kipofu alikuwa pembeni akiniimbia, na kila nilipopiga kelele aliongeza sauti, tukawa tunashindana. Ulikuwa uzazi mgumu. Mtoto alikuja na kitovu shingoni, na nakumbuka uso wa Leokadia ukinyamaza, vidole vyake vikifanya kazi haraka, na mimi nikajisikia nikisema kwa sauti kubwa, "Asife! Asife!" Nilishangaa kusikia kwamba ni mimi. Jua lilikuwa halijafika magharibi mtoto alipolia. Msichana. Filemoni alimwita Kemilembe, wa amani.

Ningependa kuandika kwamba nilipompokea moyo ulifunguka. Haukufunguka. Nilimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia na mzigo. Leokadia aliniona, akainama sikioni kwangu.

"Humpendi?"

Nikatikisa kichwa, machozi yakinitoka.

"Sawa. Mnyonyeshe tu. Titi halihitaji mapenzi. Mapenzi yatakuja yakikuta mtoto ameshiba."

Filemoni na mama yake walifika jioni, wakiwa bado na nguo za kanisani, wametafuta njia nzima. Filemoni aliingia akipiga magoti kwa sababu mlango ni mfupi, akakaa kwenye majani na suruali yake nyeupe. Alishika mguu wangu, hakushika mtoto kwanza. Akasema, "Siku ile Mama aliposema, sikukubali. Nilikosa la kusema. Nisamehe." Nilimwambia nimesikia. Mama mkwe hakuingia. Alikaa nje pamoja na Leokadia, aliyekuwa amerudi kwenye kibuyu chake cha kusukia, na kupitia ukuta wa nyasi, mwembamba kuliko hata ule wa matete, nikasikia mazungumzo ambayo sikutakiwa kuyasikia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umemsaidia mwanangu." Kisha nikasikia kibuyu kikipiga maziwa yake. "Alikuwa anakwenda wapi?"

"Hakuwa anakwenda popote, Mama."

Mama mkwe aliposema, sauti yake sikuitambua. "Nilipokuwa na mimba ya huyu Filemoni nilikuwa nakaa kibanjani natazama shina moja la mgomba tangu asubuhi mpaka jioni. Moja tu. Mume wangu alinipiga akidhani ni uvivu. Mama yake ndiye aliyemtuma."

"Ukafanya nini?"

"Niliamka. Nani angenibembeleza? Nikasema, nikipata mkwe, sitamwacha alale hata siku moja. Nilijua kulala kule kunapeleka wapi." Nikasikia akipenga makamasi. "Nilimwamsha kila siku. Nilidhani ninamwokoa."

"Ulimwokoa kidogo," Leokadia akasema. "Ila hukumwambia."

"Tunaambiana wapi mambo hayo?"

Nimeuzungusha mstari huo kichwani zaidi ya nusu karne. Mwaka jana mjukuu wangu alirudi kutoka kliniki na mimba yake, akanihadithia akicheka kwamba nesi alimwuliza kama analala vizuri, kama ana hamu ya kula, kama analia bila sababu. "Bibi, maswali gani hayo?" Mimi sikucheka. Nilimwambia kesho arudi akamjibu nesi yule ukweli mtupu, na akitaka kujua ukweli mtupu unafananaje, akae hapa nimsimulie. Sisi watatu, mimi, Leokadia na mama mkwe, tulipita katika mlango mmoja, kila mmoja na mzigo wa kwao: mmoja na fimbo ya mume, mmoja na njaa, mmoja na upweke wa nyumba iliyojaa vitu. Na kila mmoja alidhani mlango huo umechongwa kwa ajili yake peke yake.

Mama mkwe hakutaja tena habari ya kumchukua mtoto. Alibaki nasi miezi minne. Aliendelea kuniamsha alfajiri, lakini sasa alikaa kwanza ukingoni mwa kitanda, akaniuliza juu ya huzuni ile, "Leo iko wapi?" kana kwamba tunaulizana habari za mgonjwa wa jirani. Nikimwambia iko kifuani, alinipa kazi nyepesi. Nikimwambia iko mbali kidogo, tulikwenda wote kuanika kahawa. Nilinyonyesha, niliosha, niliimba nyimbo nisizozisikia. Leokadia alikuja kila siku ya tatu. Siku moja, mtoto akiwa na miezi mitatu, nilikuwa nimesimama naye stoo, Filemoni akimimina kahawa, vumbi la maganda likapanda. Kemilembe akapiga chafya mara tatu mfululizo, kisha akanitazama kwa jicho kali kabisa, kama karani anayetaka kujua nani ameleta uchafu huu ofisini kwake. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia. Mama mkwe akatokea mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akatuangalia sisi wawili, akageuka bila neno. Mchana huo ndizi zilikuja zimeungwa kwa samli, samli ile ile ya Leokadia aliyosema inanuka, na nilikula mpaka nikaomba tena.

Mvua zilipokolea habari zikaja kwamba wafugaji wanahama, wanakwenda upande wa Songambele kutafuta malisho. Leokadia alikuja kuniaga asubuhi, watoto wake wawili nyuma yake, huyo wa pili kweli akiwa na mashavu kama ya mtu aliyekula vya wenzake. Nilimkatia khanga ile aliyokuwa akiiita ya ndama mchanga. Aliikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo, akaiweka kifuani. Tukatafuna buni za kahawa kama watu wazima wanaoagana, nikamfunga Kemilembe mgongoni, nikamsindikiza mpaka pale kibanja kinapokoma. Aliniambia nirudi, mvua inakuja. Nikasogea kidogo zaidi. Akaniambia tena. Mara ya tatu nikasimama, nikawatazama wakishuka kwenye majani mabichi, yeye na watoto na ng'ombe wa watu, mpaka nikashindwa kumtofautisha.

Nililia njia nzima kurudi. Nililia kwa sauti, kwikwi na makamasi, na mtoto mgongoni akaanza kulia naye. Mama mkwe alitusikia, akatukuta uani, uso umemparama kwa hofu.

"Imerudi?" akauliza.

"Hapana, Mama. Leokadia ameondoka."

Akanitazama vizuri machoni, muda mrefu, kama anayesoma barua. Kisha mabega yake yakashuka. Akafungua mbeleko, akampokea mtoto, akanisogezea kigoda jikoni.

"Basi kaa hapa ulie, mwanangu," akasema. "Hiki ni kilio cha kawaida."